Siklameni haifi, hulala: namna ya kuitunza ndani na kuihamishia chungu kipya

Siklameni, mimea ya maua ya chunguni, nyingi hutupwa jalalani zingali hai. Ulaya mtu hununua moja Novemba au Desemba, maua yake ya waridi, meupe au mekundu yakiwa yamesimama juu ya majani yenye mabaka ya rangi ya fedha. Ikifika Machi au Aprili, majani yanaanza kugeuka manjano, jani hili leo, lile kesho, na maua mapya hayatoki. Mwenye mmea anahisi amekosea mahali, basi anaongeza maji. Yale maji ya huruma ndiyo yanayoua. Mmea ulikuwa unaingia usingizini, na kiazi kinacholala ndani ya udongo uliolowa huoza.

Karibu kila swali kuhusu siklameni, yaani lini kumwagilia, wapi kuiweka, lini kubadilisha chungu na kwa nini majani yanakauka, linajibiwa na kalenda ya mahali ilikotoka.

Siklameni ya ndani ya nyumba, Cyclamen persicum, ni mmea wa mashariki ya Bahari ya Mediterania: Uturuki ya kusini, Syria, Lebanon, Palestina na Israeli, Jordan, na baadhi ya visiwa vya Ugiriki kama Rhodes na Krete. Jina la persicum linapotosha, kwa sababu haioti kiasili Uajemi. Huko kwao huota katikati ya mawe ya chokaa na chini ya vichaka. Mvua hunyesha wakati wa baridi, na kiangazi chote, kuanzia Juni hadi Septemba hivi, ni jua kali bila tone la maji. Kwa hiyo mmea huu umepanga maisha yake kinyume na mimea mingi tuliyoizoea. Huamka na mvua za kwanza za Oktoba na Novemba, huotesha majani na maua katika baridi, hukomaza mbegu joto linapoanza kurudi, kisha hupukutisha kila kitu na kujificha ndani ya kiazi.

Tabia hiyo si ngeni kwa anayelima viazi vikuu. Mvua zikikatika, mashina ya kiazi kikuu hukauka juu ya miti yake, na hakuna mkulima anayelia, kwa maana anajua kilichomo ardhini. Tofauti ni kwamba kiazi kikuu hukua katika mvua za joto, na siklameni hukua katika mvua za baridi. Ukilishika hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Jamaa wa siklameni ni zaidi ya spishi 20, wengi wao wakiwa wa nchi zinazoizunguka Mediterania. Mmoja yuko karibu nasi kuliko watu wanavyodhani: Cyclamen somalense, anayeota katika milima ya kaskazini mwa Somalia, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1989. Huyo si wa kuuzwa dukani.

Kiazi chenyewe

Tunakiita kiazi, lakini kisifikiriwe kama kiazi mviringo cha Kiulaya. Hakina macho ya kuchipua kila upande, hakizai viazi vidogo pembeni, na hakikatwi vipande vya kupanda. Ni sehemu ya shina la mche, ile iliyo kati ya mzizi na majani ya kwanza, ambayo huvimba na kuwa ghala la chakula. Kila mmea una kiazi kimoja tu maisha yake yote. Kinapanuka mwaka hadi mwaka, kikiwa na umbo la duara lililobanwa kidogo juu, na ndiyo sababu jina lake limetokana na neno la Kigiriki kyklos, duara. Katika C. persicum mizizi hutoka chini, na majani na maua yote hutoka juu, kwenye utosi. Utosi huo ukioza, mmea umekwisha hata kama kiazi kilichobaki bado ni kigumu.

Hapa pia ndipo ushauri unapogongana. Mtu mmoja anasoma kwamba kiazi kifukiwe sentimita 5 ardhini, mwingine anaambiwa nusu yake ibaki wazi. Wote wawili wamesoma sawasawa, ila kuhusu mimea tofauti. Siklameni za bustani za Ulaya, kama C. hederifolium na C. coum, hustahimili barafu na hufukiwa. C. hederifolium mizizi yake hutoka juu na ubavuni mwa kiazi, kwa hiyo inataka kufunikwa. Ile ya kwenye chungu sebuleni haihitaji kufukiwa, na barafu huiua. Kabla ya kufuata maelekezo yoyote, hakikisha yanazungumzia C. persicum.

Joto linaiua kabla ya kiu

Siklameni inapenda nyuzi 10 hadi 18 za Selsiasi. Usiku wa nyuzi 10 hadi 13 unaifurahisha, na maua yanaweza kufululiza kwa miezi miwili au mitatu. Joto likizidi nyuzi 20 siku nzima, usiku na mchana, mmea huanza kuamini kwamba kiangazi cha kwao kimefika: matumba machanga yananyauka kabla ya kufunguka, majani yanageuka manjano, vikonyo vinarefuka na kulegea. Hakuna mbolea inayorekebisha hilo.

Ndiyo maana kwa anayeishi London au Stockholm, mahali pabaya kabisa ni juu ya redieta, kile chombo cha kupasha nyumba joto, au kwenye rafu iliyo karibu na televisheni. Mahali pazuri ni dirishani katika chumba kisichopashwa joto sana: ukumbi wa kuingilia, chumba cha kulala, ngazi zenye dirisha. Ikiwa sebule ni lazima iwe na nyuzi 22 jioni wageni wakiwepo, uhamishe mmea usiku kwenye chumba baridi. Usumbufu huo unalipa, kwani usiku wa baridi husaidia sana kufidia mchana wa joto.

Mwanga uwe mwingi lakini si jua kali la mchana. Katika Ulaya ya Desemba jua ni dhaifu, na dirisha lolote lenye mwanga linafaa. Kuanzia Machi jua la dirisha la kusini linaunguza. Karibu na ikweta, dirisha la mashariki linalopata jua la asubuhi hadi saa tatu au saa nne ndilo bora, au baraza yenye kivuli. Majani yakirefusha vikonyo na kuegemea upande mmoja, mwanga hautoshi. Yakitokea mabaka makavu ya rangi ya majani ya chai, jua limezidi.

Usiiweke karibu na bakuli la ndizi au maembe yanayoiva. Matunda hayo hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huharakisha maua kunyauka.

Maji: dalili moja, sababu mbili

Siklameni iliyolegea na kuinamisha maua huenda ina kiu, au mizizi yake imeoza kwa maji mengi. Kwa macho zinafanana kabisa. Njia ya kutofautisha ni kuinua chungu. Kikiwa chepesi na udongo umeachana na ukuta wa chungu, ni kiu. Kikiwa kizito na udongo una unyevu, basi mizizi imekufa na haiwezi tena kunywa hata ikiwa imesimama majini. Kumwagilia mmea wa namna ya pili ni kuuzika.

Mmea wenye kiu hurudi haraka. Weka chungu ndani ya sahani au beseni lenye maji ya kina cha sentimita 3 au 4, maji ya uvuguvugu wa chumba, yasiwe ya barafu. Uache dakika 15 hadi 20 mpaka uso wa udongo upate unyevu, kisha utoe na uache maji yote yachuruzike. Ndani ya saa chache maua yatakuwa yamesimama.

Namna hiyo ya kunywesha kutoka chini ndiyo tunayoipendekeza kwa siku zote, kwa sababu haigusi utosi. Ukitaka kumwagilia kwa juu, tumia birika lenye mdomo mwembamba, umwage pembeni mwa chungu na kamwe si katikati. Tone lililokaa katikati ya matumba machanga usiku kucha linatosha kuanzisha ukungu. Subiri uso wa udongo ukauke kwa kidole, takriban sentimita 1 ya juu, ndipo unyweshe tena. Katika chumba baridi hiyo inaweza kuwa mara moja kwa wiki, na katika chumba cha joto mara mbili. Usifuate siku za juma, fuata uzito wa chungu. Na maji yasiachwe yamesimama kwenye sahani, wala mmea usiachwe ndani ya kile chungu cha pambo kisicho na tundu ambacho duka huuzia. Hicho kinazamisha siklameni nyingi kimyakimya, kwa sababu maji yaliyomo chini hayaonekani.

Maua yaliyokwisha na majani ya manjano hayakatwi kwa mkasi. Kamata kikonyo chini kabisa karibu na kiazi, kizungushe kidogo, kisha kivute kwa ghafla. Kitang'oka chote. Kisiki kinachobaki baada ya mkasi huoza, na uozo huo hushuka hadi utosini. Kama kikonyo kinakataa kutoka, kiache siku chache kilegee. Ua lisiloondolewa hufunga mbegu, na mbegu hula nguvu ambayo ingetoa maua mengine.

Mbolea ni jambo dogo kuliko watu wanavyodhani. Mmea ukiwa na majani kamili, mpe mbolea ya maji kila wiki mbili, nusu ya kipimo kilichoandikwa, ya aina ambayo namba ya tatu ya NPK (potasiamu) ni kubwa kuliko ya kwanza (naitrojeni). Mbolea ya nyanya ya kuyeyusha inafaa vizuri. Urea, CAN na DAP za shambani zisikaribie chungu hiki. Naitrojeni nyingi huleta majani mapana na laini, maua machache, na ukungu, na chumvi yake huunguza mizizi katika udongo mdogo kama huo. Majani yakianza kugeuka manjano kwa pamoja mwishoni mwa msimu, acha mbolea.

Kuilaza

Usingizi unajitangaza wenyewe. Maua mapya yanakoma, kisha majani ya nje yanageuka manjano, halafu ya ndani. Punguza maji hatua kwa hatua kwa wiki tatu au nne: kama ulikuwa unanywesha kila wiki, nenda siku 10, kisha siku 14. Usikate maji ghafla wakati majani bado ni ya kijani, kwa sababu majani hayo yanarudisha chakula kwenye kiazi, na chakula hicho ndicho maua ya mwaka kesho. Majani yote yakikauka, yaondoe, safisha uso wa udongo, na uweke chungu mahali pakavu, pa kivuli, penye hewa, pasipopigwa na mvua. Ulaya wengi hukilaza chungu ubavuni nje chini ya ukuta wa kivuli, ili mvua ya kiangazi isiingie.

Miezi miwili hadi mitatu inatosha. Je, umwagilie au usimwagilie kabisa? Mimea ya porini hukaa kavu kabisa, ila yenyewe ina kiazi kikubwa kilichofunikwa na ardhi na mawe. Siklameni za dukani zimezalishwa na wakulima wa maua kwa vizazi vingi, usingizi wao ni mwepesi, na kiazi chao cha mwaka wa kwanza huwa kidogo, sentimita 4 au 5 tu. Kikiachwa kwenye udongo mkavu kama unga kwa miezi mitatu, kinaweza kusinyaa na kufa. Kwa hiyo kibonyeze kila baada ya wiki mbili. Kikiwa kigumu, kiache. Kikianza kukunjamana, mpe vijiko vitatu au vinne vya maji pembeni mwa chungu, basi. Kiazi cha zamani chenye upana wa sentimita 8 au zaidi hakihitaji hata hayo.

Mmea mwingine hugoma kulala kabisa. Ukiwekwa mahali baridi na ukaendelea kunyweshwa, unaweza kubaki na majani mwaka mzima, na hilo halina kosa. Usiulazimishe. Utanyweshwa kidogo tu katika miezi ambayo haukui.

Kubadilisha chungu

Wakati sahihi ni mmoja: mmea unapoamka. Tazama utosi. Utaona vidoa vidogo vya waridi au kijani, ukubwa wa kichwa cha pini, vikijitokeza juu ya kiazi. Ulaya hiyo huwa Agosti au Septemba. Hapo mizizi mipya iko karibu kuota, na udongo mpya utaikuta ina njaa. Ukihamisha mmea ukiwa katika maua, mizizi myembamba inakatika wakati ndiyo inayobeba mzigo mkubwa kuliko wakati wowote, na matumba huanguka ndani ya siku chache. Ukihamisha kiazi kikiwa kimelala kabisa, udongo mpya wenye unyevu unakaa bila mizizi ya kuunywa, na kiazi kinaoza. Tamaa ya kuhamisha mmea siku ile ile ulipotoka nao dukani ni kubwa, kwa kuwa chungu chake ni kidogo na kibaya. Ivumilie mpaka msimu uishe.

Si lazima kila mwaka. Siklameni hutoa maua vizuri zaidi mizizi ikiwa imebanwa kidogo. Kila baada ya miaka miwili inatosha, au pale ukuta wa chungu unapokaribia kiazi kwa chini ya sentimita 1.5. Mwaka ambao huhamishi, kwangua sentimita 2 za udongo wa juu bila kukwaruza kiazi, uweke udongo mpya.

Ukubwa wa chungu ndipo makosa mengi yanapofanyika, na hufanywa kwa nia njema. Pima upana wa kiazi, ongeza sentimita 2.5 hadi 3 kila upande. Kiazi cha sentimita 6 kinataka chungu cha sentimita 11 au 12, na cha sentimita 8 kinataka 13 au 14. Chungu kikubwa kuliko hapo kina udongo usiofikiwa na mizizi, na udongo huo hubaki na maji kwa siku nyingi baada ya ule wa karibu na kiazi kukauka. Kina kisizidi upana. Matundu ya chini yawe matatu au zaidi. Chungu cha udongo wa kufinyanga hukauka haraka na hupoza mizizi, kwa hiyo kinamfaa mwenye mkono mzito wa maji. Kiloweke usiku mzima kabla ya kupanda, la sivyo kitanyonya unyevu wote wa kwanza. Cha plastiki kinamfaa anayesahau kumwagilia. Chungu kilichotumika kisuguliwe, kilowekwe nusu saa katika maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 9 za maji, kisha kisuuzwe sana.

Udongo uwe na chakula kiasi na upitishe maji haraka. Mchanganyiko usioangusha ni sehemu 2 za mboji iliyoiva na kuchekechwa, au kokopiti ya makumbi ya nazi, sehemu 1 ya udongo tifutifu wa bustani, na sehemu 1 ya mchanga wa punje kubwa wa mtoni au perlaiti, zile punje nyeupe nyepesi za kulegeza udongo. Mawe mepesi ya volkano yaliyopondwa, pumisi, ni bora kuliko perlaiti mahali yanapopatikana, kama Bonde la Ufa. Mchanga wa baharini usitumike, una chumvi. Kokopiti isuuzwe mara mbili kwa maji safi, kwa sababu makumbi mara nyingi huja na chumvi pia. Samadi mbichi inaunguza. Kwa anayenunua mfuko wa udongo tayari, chukua wa kupandia mimea ya ndani na uuchanganye na theluthi moja ya perlaiti, maana ule wa mfuko peke yake hushika maji mno. Asidi inayofaa ni pH 5.5 hadi 6.5. Jaribu mchanganyiko wako mkononi: ukiufinya ukiwa na unyevu ushikane, ukiugusa kwa kidole usambaratike. Chungu cha sentimita 14 kitahitaji takriban lita 1.

Kama mmea una majani, unyweshe siku moja kabla. Kama hauna, uache mkavu. Weka kiganja juu ya udongo, kiazi kikiwa kati ya vidole, pindua chungu na ukigonge pembeni mwa meza. Usivute kwa majani. Pukuta udongo wa zamani wa pembeni na chini kwa vidole, ule unaoanguka wenyewe. Mizizi hai ni myeupe au ya kahawia hafifu na ina ukakamavu. Iliyokufa ni myeusi, ikivutwa ganda lake linachomoka na kuacha uzi. Kata iliyokufa tu. Bonyeza kiazi chote, hasa chini. Kikiwa kigumu kama muhogo mbichi, ni kizima. Sehemu laini ikiwa ndogo, ikate hadi ufikie nyama safi, paka unga wa salfa, na ukiache kivulini siku mbili kabla ya kupanda. Hufanikiwa mara chache, na utosi ukiwa umeguswa usijisumbue.

Wakati huo huo chambua udongo wa zamani. Katika Ulaya, funza weupe waliojikunja kama herufi C, vichwa vya kahawia, urefu wa sentimita 1 hivi, ni mabuu ya fukusi Otiorhynchus sulcatus. Wanakula mizizi na kuchimba kiazi, na mtu hugundua tu siku mmea unapoanguka. Ondoa kila mmoja, osha mizizi, na udongo huo uutupe mbali na vyungu vingine. Maduka ya bustani huuza minyoo hai ya nematodi ambayo humwagwa na maji na kuwaua mabuu hao.

Sasa weka tabaka la udongo chini na usimamishe kiazi ili theluthi moja hadi nusu yake ibaki juu ya udongo, na uso wa udongo uwe sentimita 2 chini ya mdomo wa chungu. Kama kiazi hakina majani na huoni juu ni wapi, tafuta upande wenye makovu madogo na visiki vya vikonyo, mara nyingi ulio bapa au uliobonyea kidogo: huo ndio utosi. Jaza pembeni, gonga chungu mara mbili mezani, na ukandamize kwa ncha za vidole bila kushindilia. Mwagia mililita 150 hivi pembeni, acha ichuruzike, kisha usimwagilie tena hadi uso ukauke. Hakuna mbolea kwa wiki 4 hadi 6 za kwanza. Chungu kikae penye mwanga na ubaridi wa nyuzi 15 hivi. Majani huonekana ndani ya wiki mbili hadi nne, na maua huja miezi mitatu au minne baadaye.

Wiki hizo za kwanza mtu huhisi kwamba hakuna kinachotokea. Kazi inafanyika chini, mizizi inaota. Kuongeza maji ili kuharakisha ni kurudia kosa lile la Machi.

Yanayoharibika

Unga wa kijivu unaofanana na vumbi kwenye vikonyo na matumba ni ukungu wa Botrytis. Chanzo chake ni unyevu uliokaa utosini na hewa isiyotembea. Ng'oa kila kilichoguswa, panua nafasi kati ya mimea, na ubadilishe namna ya kumwagilia. Ukiwahi, mmea unapona.

Mnyauko wa Fusarium hauponi. Dalili yake ni majani ya manjano kuanzia upande mmoja wa mmea wakati maji yako sawa, na kiazi kikikatwa kinaonyesha madoa ya kahawia nyekundu ndani ya nyama. Tupa mmea na udongo, usiuweke kwenye lundo la mboji. Kiazi kinachonuka na kuwa kama uji ni uozo wa bakteria, na hatima yake ni hiyo hiyo.

Utitiri wa siklameni, Phytonemus pallidus, hauonekani kwa macho, una urefu wa robo ya milimita hivi. Unachoona ni kazi yake: majani machanga ya katikati yanakunjamana na kuwa magumu, maua yanafunguka yakiwa na michirizi na maumbo ya ajabu. Dawa za dukani za nyumbani haziufikii ndani ya matumba. Ushauri wetu ni kuuondoa mmea huo kabla haujagusana na mingine. Vidukari ni rahisi zaidi, huondolewa kwa maji yenye sabuni laini kidogo, yakifutwa kwa kitambaa na si kupuliziwa utosini.

Nyanda za juu na pwani

Limuru, Lushoto, Njombe na Mbeya zina kile ambacho siklameni inakitaka: usiku wa baridi. Hapo mmea unaweza kuishi barazani mradi usinyeshewe. Kalenda tu ndiyo inayobadilika. Badala ya kuhesabu miezi ya Ulaya, fuata majira ya mahali. Nairobi na viunga vyake, miezi ya joto ya Januari hadi Machi ndiyo ya kuupumzisha, na chungu kibadilishwe chipukizi zinapojitokeza kuelekea masika, ili maua yaangukie kwenye kipupwe cha Juni hadi Agosti. Mmea usipolala kabisa, hamisha katika majuma unapokua polepole zaidi, bila kupukuta udongo unaozunguka mizizi.

Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar ni habari nyingine. Usiku ambao sehemu kubwa ya mwaka haushuki chini ya nyuzi 20 huilaza siklameni mapema, na chumba chenye kiyoyozi mchana tu hakitoshi. Inaweza kuwa pambo la wiki chache. Anayetaka mmea wa kudumu pwani, apande kitu kingine.

Yapo mambo mawili ya tahadhari. Kiazi cha siklameni kina sumu za saponini. Paka au mbwa akikitafuna hutapika na kuharisha, na akila kingi ni hatari zaidi, kwa hiyo kiazi kilicho wazi juu ya udongo kisiwe mahali wanyama na watoto wanapofika. Na aliyeko Ulaya anayefikiria kuleta nyumbani kiazi kilicholala ndani ya begi ajue kwamba jenasi nzima ya Cyclamen imo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Aina za C. persicum zilizozalishwa vitaluni zimeachiliwa, lakini msamaha huo hauhusu viazi vilivyolala. Kiazi cha namna hiyo kinahitaji kibali cha CITES pamoja na cheti cha afya ya mimea, na kibali cha kuingiza kutoka mamlaka ya afya ya mimea, yaani KEPHIS kwa Kenya au TPHPA kwa Tanzania.

Mbegu ni njia nyepesi zaidi kwa mwenye subira. Loweka usiku mmoja, zifukie nusu sentimita hadi sentimita 1, na uzifunike zisione mwanga kabisa, kwani mbegu za siklameni huota gizani. Katika nyuzi 15 hadi 18 miche hutokeza baada ya mwezi mmoja hadi miwili. Kila mche huja na jani moja tu, na chini yake, ukiutazama kwa karibu, tayari kuna kiazi kisichozidi punje ya mtama.